Uraibu ni maradhi, si ukaidi: Somo la Profesa Kreek kwa kliniki zetu za methadoni

SHERIA za Kenya humpeleka gerezani mtu anayepatikana na kete ya heroini. Serikali iyo hiyo, kila asubuhi, huwanywesha maelfu ya waraibu dawa ya jamii ya afyuni katika hospitali za umma, tena bila malipo.

Kwa mtazamo wa juujuu, mambo haya mawili yanakinzana. Anayetaka kuelewa jinsi yalivyokuja kukaa chini ya paa moja hana budi kurejelea kazi ya mwanamke mmoja aliyefariki jijini New York mnamo Machi 2021 akiwa na umri wa miaka 84.

Jina lake ni Profesa Mary Jeanne Kreek wa Chuo Kikuu cha Rockefeller. Kwa zaidi ya nusu karne, msomi huyo alishughulikia swali moja tu: ni nini hutokea katika mwili wa mtu anayetumia heroini, na mwili huo unawezaje kurejeshewa utulivu wake?

Jibu alilolipata ndilo linalowapa nafuu leo wakazi wa Malindi, Kisauni na Kombani ambao zamani waliitwa mateja na kufukuzwa vibarazani. Hata hivyo, ni dhahiri kuwa taifa hili limeipokea dawa ya Kreek bila kuipokea hoja yake. Hapo ndipo penye hatari.

Kreek alizaliwa jijini Washington mwaka 1937 na kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1962. Mnamo 1964, akiwa angali daktari mwanagenzi, alijiunga na kikundi kidogo cha watafiti kilichoongozwa na Profesa Vincent Dole pale Rockefeller.

Dole hakuwa mtaalamu wa dawa za kulevya. Utafiti wake ulihusu unene na namna mwili unavyotumia chakula. Alikuwa ameona kwamba watu wanene wanaopunguza uzito hurejea walikotoka kwa urahisi mno, na akaanza kushuku kwamba mwili wenyewe ndio unaowavuta, wala si ulafi.

Mwenzao wa tatu alikuwa Daktari Marie Nyswander, mtaalamu wa maradhi ya akili aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya serikali kuu huko Lexington, Kentucky, ambako waraibu walifungiwa ili waachishwe heroini. Nyswander alikuwa amechoka kushuhudia jambo lile lile: mgonjwa anatoka akiwa safi, anafika mtaani, na baada ya muda mfupi amerudi kwenye sindano.

Wakati huo, fikra iliyotawala Marekani ilikuwa kwamba mraibu ni mhalifu au mtu wa hulka dhaifu. Sheria ya mwaka 1914 ilikuwa imefasiriwa kwa namna iliyowatia hofu madaktari, na wengi waliotaka kuwatibu waraibu waliogopa kupoteza leseni zao au hata kufungwa. Dole mwenyewe alisimulia baadaye jinsi maafisa wa kupambana na dawa za kulevya walivyomtisha.

Watatu hao hawakutishika. Walianza na wagonjwa wachache waliolazwa katika hospitali ya Rockefeller, wakawapa mofini. Matokeo hayakupendeza. Wagonjwa walihitaji kipimo kikubwa zaidi kila uchao, na siku nzima waliketi wakisubiri sindano inayofuata.

Ndipo walipoigeukia methadoni, dawa ya kutuliza maumivu iliyobuniwa na wanakemia wa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930. Mabadiliko yaliwashangaza watafiti wenyewe. Watu ambao mazungumzo yao yote yalihusu dawa walianza kuulizia masomo, kazi na familia zao.

Siri ya tofauti hiyo imo katika mwendo wa dawa mwilini. Heroini huingia kwa kishindo na kuondoka kwa haraka. Baada ya saa chache tu, mtumiaji huanza kuingia katika arosto: mwili unauma, pua inachuruzika, tumbo linasokota, usingizi unapaa. Kutwa kucha yeye hupanda na kushuka kama mtu aliye kwenye pembea.

Methadoni nayo hunywewa, haidungwi. Hupanda taratibu na kukaa mwilini kwa muda wa siku nzima au zaidi. Anayeipata kwa kipimo kinachomfaa halewi na wala haugui arosto. Isitoshe, akijidunga heroini juu yake, hapati ile raha aliyoizoea.

Mnamo 1965, Dole na Nyswander walichapisha matokeo ya wagonjwa 22 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Makala hayo mafupi ndiyo yaliyofungua ukurasa mpya katika tiba ya uraibu duniani.

Lakini makala moja hayatoshi kubadilisha sera ya nchi. Wapinzani waliuliza maswali ambayo hayangeweza kupuuzwa. Je, mtu akinywa dawa hii kwa miaka mingi, ini lake litasalimika? Mifupa je? Uzazi je? Au waraibu wanafanywa watumwa wa bwana mwingine?

Hapo ndipo mchango mahususi wa Kreek unapoonekana. Wakati wenzake walikuwa wakipambana na wanasiasa, yeye alijifungia maabarani na kuwafuatilia wagonjwa mwaka baada ya mwaka. Mnamo 1973 alichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba wagonjwa waliotumia methadoni kwa muda mrefu hawakupata madhara makubwa ya kiafya kutokana nayo. Walisumbuliwa na mambo kama kufunga choo na kutokwa na jasho jingi, lakini viungo vyao havikuharibika.

Alisaidia pia kubuni njia za kupima kiasi cha methadoni kilichomo katika damu. Kazi hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini bila kipimo daktari hubaki akikisia, na katika dawa za jamii ya afyuni, kukisia vibaya kwaweza kumuua mgonjwa.

Mwaka 1976, yeye na wenzake walitangaza ugunduzi ambao kila mhudumu wa afya nchini Kenya anapaswa kuufahamu. Waligundua kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, hulifanya ini liiondoe methadoni mwilini kwa kasi. Wagonjwa waliokuwa wametulia kabisa waliingia katika arosto mara walipoanza kutibiwa kifua kikuu.

Mgonjwa wa aina hiyo asipoongezewa kipimo, hurudi kwa muuza unga. Asiyejua chanzo humlaumu kwa utovu wa nidhamu, kumbe kosa ni la hesabu ya dawa.

Kipindi kilichodhihirisha zaidi thamani ya subira yake kilikuja na janga la Ukimwi. Tangu mwaka 1969, maabara yake ilikuwa ikihifadhi sampuli za damu za wagonjwa. Kipimo cha virusi kilipopatikana katika miaka ya 1980, watafiti waliweza kurudi nyuma na kuusoma mwenendo wa maambukizi kama mtu anayefungua daftari la kale.

Sampuli hizo zilionyesha kwamba virusi viliingia miongoni mwa wanaojidunga jijini New York mnamo mwaka 1978 au karibu na hapo, kabla dunia haijajua kuna ugonjwa kama huo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya nusu ya wanaojidunga katika mtaa wa Manhattan walikuwa wameambukizwa.

Wagonjwa waliokuwa wameanza methadoni mapema na kubaki nayo, kinyume chake, walikuwa wamenusurika kwa kiwango kikubwa. Mnamo 1990, utafiti ambao Kreek alishiriki uliripoti kuhusu wagonjwa 58 waliokuwa wametumia methadoni kwa miaka mingi na kurejelea maisha ya kawaida. Wengi wao walikuwa wamewahi kujidunga, lakini hakuna hata mmoja aliyepatikana na virusi vya HIV.

Aidha, Kreek alichunguza homoni ambazo mwili hutumia kukabiliana na msukosuko. Aligundua kwamba heroini huuvuruga mfumo huo, ilhali methadoni ikitumiwa kwa muda mrefu na kwa utulivu huuwezesha kurejea karibu na hali ya kawaida. Mnamo 1998, maabara yake ilieleza jinsi tofauti ndogo katika jeni moja inavyobadilisha namna ubongo unavyopokea kemikali za asili zinazofanana na afyuni.

Fikra yake yaweza kufupishwa hivi. Uraibu ni maradhi ya ubongo yenye dalili za kitabia. Hutokana na mchanganyiko wa dawa yenyewe, mazingira na maumbile ya mtu. Kama kisukari au shinikizo la damu, unaweza kudhibitiwa kwa miaka mingi, na si kila mgonjwa atafika siku ya kuacha dawa.

Hapana shaka kwamba sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowakera wengi. Wanaoipinga husema kwamba kumpa mraibu methadoni ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Wanauliza: ikiwa mtu ataendelea kunywa dawa hadi uzeeni, amepona kweli?

Hoja hiyo haifai kubezwa, kwa sababu mara nyingi hutolewa na wazazi walioumizwa na viongozi wa dini wanaozika vijana. Lakini ina kasoro. Inachanganya mambo mawili tofauti, yaani mwili kuzoea dawa na maisha kutekwa na dawa.

Mwenye kisukari anayejidunga insulini kila siku huitegemea dawa hiyo, na akiikosa atazidiwa. Hakuna anayemwita mraibu, kwa kuwa insulini haimfanyi aibe sufuria za mamake wala kumtelekeza mtoto. Anayekunywa methadoni asubuhi kisha akaenda kuvua samaki au kuendesha bodaboda yuko katika hali iyo hiyo.

Dunia ilichukua muda kukubali. Mamlaka za Marekani ziliidhinisha rasmi methadoni kuwa tiba ya uraibu mwaka 1972, lakini zikaifungia katika kliniki maalumu zilizotengwa na hospitali za kawaida. Shirika la Afya Ulimwenguni liliiongeza katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya tiba hiyo mwaka 2005, miaka 40 baada ya makala ya kwanza.

Katika eneo letu, kisiwa cha Mauritius kilianza mwaka 2006. Tanzania ilifuata mwaka 2011 kwa kufungua kliniki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kenya ilianza katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Malindi ikafuata mapema mwaka 2015.

Kuchelewa huko kulikuwa na gharama. Heroini imekuwa ikiwaangamiza vijana wa Pwani tangu miaka ya 1980, kwanza ikivutwa, baadaye ikidungwa. Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulionyesha kwamba takriban asilimia 18 ya wanaojidunga nchini walikuwa na virusi vya HIV, kiwango kilichozidi mara tatu kile cha watu wazima kwa jumla.

Mwishoni mwa mwaka 2010 na mapema mwaka 2011, Pwani ilipata somo chungu. Wakati wa msako dhidi ya walanguzi, heroini iliadimika ghafla. Aliyedhani kwamba unga ukikosekana uraibu utakoma alijionea mwenyewe: waraibu walifurika hospitalini na katika vituo vya misaada wakigaragara kwa arosto, na wengine wakajidunga chochote walichokipata. Hospitali hazikuwa na methadoni ya kuwapa.

Kreek angelitabiri jambo hilo bila kufika Mombasa. Msako huondoa bidhaa sokoni, lakini hauondoi mabadiliko ambayo bidhaa hiyo imeyaacha ubongoni.

Zaidi ya mwongo mmoja tangu kliniki ya kwanza ifunguliwe, lipo la kujivunia. Mgonjwa hupimwa, huandikishwa, na kila siku hunywa dawa yake mbele ya mhudumu. Wapo waliorudi kwa wake na waume zao, na wapo wanaotumia dawa za kupunguza makali ya HIV bila kukosa kwa sababu huzipata wanapofuata methadoni.

Hata hivyo, dosari ni nyingi, na zote zinatokana na kutoikubali hoja kwamba haya ni maradhi ya muda mrefu.

Ya kwanza ni swali ambalo kila mgonjwa huulizwa nyumbani: "Utaacha lini?" Swali hilo huulizwa kwa mapenzi, lakini humsukuma mtu kupunguza kipimo kabla mwili haujawa tayari. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wengi wanaoacha methadoni mapema hurejelea heroini. La kutisha zaidi ni kwamba hurejea wakiwa wamepoteza ule ustahimilivu wa zamani, na kipimo walichokizoea miaka iliyopita huwaua.

Dosari ya pili ni umbali. Matibabu yanayohitaji mtu afike kliniki kila siku ya Mungu, zikiwemo Jumapili na sikukuu, yanamtaka awe na nauli ya kila siku. Mvuvi wa kijiji cha mbali au kibarua wa shambani hulazimika kuchagua kati ya dawa na riziki. Kwa nini mgonjwa aliyetulia kwa miaka asiaminiwe kubeba dozi za siku chache, kwa masharti?

Ni kweli kwamba hofu ya dawa kuuzwa mitaani ina msingi. Kikombe cha methadoni kinachompa nafuu mgonjwa kinaweza kumuua mtoto au mtu asiyezoea afyuni. Lakini hofu huwekewa utaratibu. Haifai kuwa kisingizio cha kumfunga mgonjwa kamba mlangoni pa kliniki maisha yake yote.

Ya tatu ni polisi. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 iliandikwa kwa fikra za kukomesha ulanguzi. Mgonjwa wa methadoni akikamatwa Ijumaa jioni na kulala seli hadi Jumatatu, anakosa dozi mbili au tatu. Atatoka akiwa katika arosto kali, na hatua yake ya kwanza huenda isiwe ya kwenda kliniki. Wizara moja inajenga, nyingine inabomoa.

Ya nne ni mawasiliano kati ya vitengo vya hospitali. Kifua kikuu na Ukimwi huandamana na wanaojidunga kama kivuli. Mbali na rifampisini, baadhi ya dawa za HIV nazo hupunguza nguvu ya methadoni. Daktari wa kifua kikuu asiyezungumza na mwenzake wa methadoni anaweza kumrudisha mgonjwa maskani bila kujua, ingawa onyo hilo limechapishwa tangu mwaka 1976.

Ya tano ndiyo nzito kuliko zote: fedha. Kwa miaka mingi kliniki hizi zimeegemea misaada ya kigeni, hasa mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, huduma nyingi za Ukimwi nchini zilitiwa mashaka, na kliniki za methadoni hazikusalimika na wasiwasi huo.

Nchi inaweza kuahirisha ujenzi wa barabara kwa miezi mitatu. Haiwezi kumwahirisha mtu ambaye mwili wake utaanza kudai dawa kesho asubuhi. Ikiwa Kenya inaamini kwamba methadoni ni tiba, basi ni wajibu wake kuitengea fungu katika bajeti ya taifa na za kaunti, sawa na chanjo. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyo akishaondoka, mwenyeji hana budi kujua kujitibu.

Ni vyema pia kukiri mipaka ya kazi hii. Methadoni hutibu uraibu wa heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni tu. Haimsaidii mlevi wa chang'aa, mtafunaji wa miraa wala mvutaji wa bangi. Wala haimpi mtu kazi, nyumba au msamaha wa familia. Dole na Nyswander walisisitiza tangu mwanzo kwamba dawa iandamane na ushauri na msaada wa kurejelea maisha, na kliniki yenye foleni ndefu na mshauri mmoja haiwezi kutimiza hilo.

Fauka ya hayo, sayansi peke yake haitamaliza ubishi wa kimaadili. Kreek alitumia zaidi ya miaka 50 kukusanya ushahidi, na bado alifariki wakati nchi yake ikizika makumi ya maelfu ya watu kila mwaka kutokana na dawa za jamii ya afyuni, huku wengi waliohitaji matibabu wakiwa hawayapati.

Sisi tuna bahati moja ambayo wao hawakuwa nayo mwaka 1964. Hatuhitaji kuanza kukisia ikiwa dawa hii itaharibu ini, ikiwa itazuia maambukizi, au ikiwa itagongana na dawa za kifua kikuu. Majibu yapo, na yalipatikana kwa gharama ya maisha yote ya mtu.

Kilichobaki ni uamuzi wa wakubwa wa Hazina ya Taifa, maafisa wa polisi katika vituo vya Pwani, na wazazi walio na mtoto anayeamka alfajiri kwenda kliniki. Mtoto huyo akirudi nyumbani akiwa ametulia, ameoga na ana njaa ya chakula cha kawaida, swali linalofaa kuulizwa si lini ataacha dawa. Linalofaa ni kama kesho atapata nauli ya kuifuata.